Kambale ni wengi: nani athibitishe kwamba ni huyu aliyekatazwa kuendesha?

Mtu akishitakiwa kwamba ameendesha gari wakati mahakama ilikuwa imemkataza kuendesha, nani anapaswa kuleta ushahidi? Ni yeye aonyeshe kwamba siye aliyekatazwa, au ni serikali ionyeshe kwamba ndiye? Kwa familia inayolala chini ya turubai Oicha, au kwa watu tisa wanaogawana vyumba viwili mjini Beni, swali hilo linaweza kuonekana la mbali sana. Lakini kuna nyumba moja ya wakimbizi wa ndani mjini Beni ambamo liliingia kwa njia ya simu na kukaa miezi mitano. Mwishowe watu wa nyumba hiyo walijikuta wanazungumzia vizuizi vya barabara ya Eringeti kwa namna ambayo hawakuizoea.

Kesi yenyewe ilikuwa Uingereza. Kuanzia 2004 hadi 2020 nchi hiyo ilikuwa na programu iliyoitwa Gateway, ya kupokea wakimbizi waliokuwa wamekwama katika kambi za nchi mbalimbali, na Wakongomani walikuwa miongoni mwao. Sheffield ndio mji wa kwanza uliowapokea watu wa programu hiyo. Wengine walifika baadaye kwa njia nyingine. Leo wako Wakongomani wanaosema Kiswahili ambao huko wanaendesha teksi, wanapeleka vifurushi, au wanaenda kazini usiku wakati basi hazitembei. Kwa mtu kama huyo permi ya kuendesha ni kama jembe kwa mkulima: ikiondoka, na chakula kinaondoka.

Mzee wa nyumba hiyo ya Beni alikuwa mkulima wa kakao upande wa Mbau. Alipokimbia na watoto na wajukuu, nyumba ilichomwa, na ndani yake sanduku lenye karatasi zote: kadi za ubatizo, karatasi za shamba, shahada za watoto. Mtoto wa dada yake alikuwa amekimbilia Uganda zamani, akiwa kijana, na kukaa miaka mingi katika kambi ya Kyangwali kabla ya kupelekwa Uingereza. Huko alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha chakula na kununua gari dogo la zamani. Alikuwa bado anaendesha kwa permi ya Uganda, maana sheria ya huko inamruhusu mgeni aliyehamia kutumia permi ya namna hiyo kwa miezi 12 ya kwanza. Pesa anazotuma ndizo zinazolipa minervali ya watoto watatu walio sekondari na dawa za presha za mama yake.

Siku moja ulifika ujumbe wa sauti. "Mjomba, jambo. Nimekamatwa na polisi wa barabarani. Wanasema mahakama ilinikataza kuendesha mwaka mzima. Mimi sijaingia mahakamani hata siku moja. Muniombee."

Ndiyo moja yenye maana mbili

Alivyoeleza baadaye, mambo yalikwenda hivi. Polisi walimsimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Waliuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, wakaviingiza katika kompyuta. Kompyuta ikajibu kwamba mtu mwenye jina hilo na tarehe hiyo alikuwa chini ya katazo la kuendesha. Polisi mmoja akamuuliza kwa Kiingereza kitu kama: "Wewe hujakatazwa kuendesha, au siyo?" Kijana akajibu kwa Kiingereza: "Ndiyo."

Kwa mtu wa Kiswahili jibu hilo ni wazi. Ukimuuliza mtu "Hujala?" naye hajala, anasema "Ndiyo, sijala." Anakubali maneno ya anayeuliza. Kwa Kiingereza mambo yanageuka: anayesema "ndiyo" baada ya swali kama hilo anasikika kama mtu anayesema "ndiyo, nimekatazwa". Kijana alitaka kujitetea. Daftari la polisi liliandika kwamba amekiri.

Jambo hili si dogo. Kwa sheria ya Uingereza, kukiri kwa mshitakiwa ni mojawapo ya njia ambazo serikali inaweza kutumia kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekatazwa. Neno moja lililotoka vibaya saa tisa ya usiku, kando ya barabara, mvua ikinyesha, linaweza kubeba kesi nzima. Na kosa lenyewe ni zito. Kifungu cha 103 cha Sheria ya Barabara ya 1988 kinaadhibu mtu anayeendesha akiwa chini ya katazo, na Uingereza adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 6.

Mjini Beni familia ilikutana jioni hiyo. Mzee alisema jambo la kwanza ni karatasi: kijana athibitishe kwamba si yeye. Shangazi mmoja alikubaliana naye na kuongeza kwamba mtu asiye na kosa hanyamazi. Kesho yake mzee alienda kwenye ofisi ya serikali kuulizia cheti cha kuzaliwa cha kijana. Aliambiwa alete mashahidi wawili, picha, na pesa. Mashahidi waliojua siku kijana alipozaliwa walikuwa wametawanyika: mmoja Butembo, mwingine Bunia, wa tatu amekwisha kufa. Mzee alikopa pesa ya safari ya Butembo.

Jina ambalo kila nyumba inalo

Ili kuelewa namna kijana alivyoingia katika shida ya mtu mwingine, inatosha kusimama sokoni Butembo na kuita "Kambale!" Watageuka wengi. Kwa Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi aliyozaliwa. Kambale ni mtoto wa pili wa kiume, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Kwa wasichana, Masika ni wa kwanza. Jina hilo linaonyesha nafasi ya mtoto kwa mama yake. Halikukusudiwa kumtofautisha na watu wote wa dunia. Ndiyo maana kijijini huongezwa jina la pili, jina la baba, au jina la mlima.

Ukivuka mpaka kwenda Kasese, ndugu Wakonjo wana majina hayohayo katika mavazi mengine: Paluku anakuwa Baluku, Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka. Karani wa kambi akiandika alivyosikia, mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili katika vitabu viwili. Na watu wawili wasiojuana wanaweza kuwa na jina moja.

Kisha kuna tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi hawakuwa na karatasi walipoandikishwa. Anayejua mwaka tu, au anayekisia mwaka, huandikiwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Kila mtu aliyepita katika kambi anajua watu wengi ambao kwenye karatasi "walizaliwa" siku ya Mwaka Mpya. Namba ya permi ya Uingereza yenyewe hutengenezwa kwa vitu hivyo. Inaanza na herufi 5 za kwanza za jina la ukoo, kisha tarakimu za mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha herufi za majina mengine. Basi kila mwanaume ambaye jina lake la ukoo ni Kambale na tarehe yake ni 1 Januari ana namba inayoanza na KAMBA, na ndani yake mna 0101.

Hakimu wa mji wa Uingereza haoni soko la Butembo. Anaona jina ambalo hajawahi kulisikia, anaona tarehe inayolingana, na ni rahisi kwake kufikiri: watu wawili wa namna hii wangetoka wapi?

Sheria inasema mzigo ni wa anayeshitaki

Kijana alipewa wakili wa zamu, yule ambaye Beni watu humwita avoka, bila kulipa. Jambo la kwanza wakili alilomwambia lilishangaza familia nzima: huna haja ya kuthibitisha kwamba wewe si yule mtu, ni wao wanaopaswa kuthibitisha kwamba ni wewe, na wathibitishe mpaka mahakama iwe na uhakika.

Kanuni hiyo ni ya zamani, lakini kesi inayotajwa zaidi ni ya 1935. Kijana wa shambani, Reginald Woolmington, alishitakiwa kwa kumuua mke wake kwa bunduki. Yeye alisema bunduki ilifyatuka bila yeye kutaka. Jaji aliambia wazee wa baraza kwamba, kwa kuwa ni hakika mke alikufa kwa bunduki iliyokuwa mikononi mwa mumewe, ni juu ya mume kuonyesha kwamba ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Mahakama ya juu kabisa ya wakati huo ilifuta hukumu hiyo. Ilisema kwamba ni juu ya anayeshitaki kuthibitisha kosa, na mshitakiwa akitia shaka ya haki katika ushahidi, inatosha aachiliwe.

Katika kesi ya kuendesha chini ya katazo, maana yake ni kwamba mwendesha mashtaka anapaswa kuthibitisha vipande vyote: kwamba mtu aliendesha, kwamba ilikuwa gari la injini, kwamba ilikuwa barabarani, kwamba siku hiyo katazo lilikuwa bado halijaisha, na kwamba aliyesimama mbele ya mahakama ndiye aliyekatazwa. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachozaa ubishi. Mahakama iliyotoa katazo hutoa karatasi ya kushuhudia hukumu, nayo inakubaliwa kama ushahidi kwamba mtu fulani alihukumiwa. Lakini karatasi haina uso. Haisemi kwamba mtu huyo ni huyu.

Kesi moja iliyohusu mahakimu wa Derwentside, kaskazini ya Uingereza, iliyoingia vitabu vya sheria mwaka 1996, ilitaja njia tatu za kuunganisha karatasi na mtu. Ya kwanza, mshitakiwa akubali mwenyewe kwa utaratibu wa mahakama. Ya pili, alama za vidole. Ya tatu, aje mtu aliyekuwapo mahakamani siku ya hukumu ya kwanza na kusema: namtambua, ni huyu. Majaji wa baadaye walisema hizo si njia pekee. Mwaka 2005, katika kesi ya Pattison, Mahakama Kuu ilikusanya kanuni pamoja: njia yoyote inayokubalika inaweza kutumika, na hata jina na maelezo ya mtu yakilingana na yaliyo kwenye karatasi, hiyo inaweza kutosha kuwa mwanzo wa kesi ya kujibiwa.

Hapo ndipo shangazi wa Beni alikuwa na sehemu ya ukweli. Mzigo haumhami mwendesha mashtaka hata siku moja. Lakini maelezo yakilingana na mshitakiwa asiseme lolote la kupinga, mahakama inaruhusiwa kutazama kimya hicho. Akiwa ameonywa na bado akakataa kutoa ushahidi, kimya chake kinaweza hata kuhesabiwa dhidi yake. Kwa hiyo mwenye jina la kawaida anafanya vizuri kusema kwamba ni la kawaida. Mtu ambaye jina lake limebebwa na maelfu anapaswa kuiambia mahakama hivyo, maana mahakama hailijui jambo hilo.

Mahali ambapo mzigo ni wa dereva

Isifikiriwe kwamba dereva wa Uingereza hana cha kuonyesha. Kuna tofauti ambayo ndugu wengi huichanganya, na kuichanganya ni hatari.

Mtu akishitakiwa kwamba ameendesha bila permi, mambo ni kinyume. Tangu kesi ya John na Humphreys, ya 1955, mahakama zinasema serikali ikisha kuthibitisha kwamba aliendesha, ni yeye aonyeshe kwamba alikuwa na permi. Bima ni vivyo hivyo. Sababu ni ya akili ya kawaida: kitu hicho kiko mfukoni mwake, na ni rahisi kwake kukitoa kuliko serikali kutafuta duniani kote ushahidi kwamba hakipo. Katazo ni jambo jingine. Katazo limetoka mahakamani, limeandikwa na serikali, na aliyeliandika ndiye anayeweza kulileta. Kwa hiyo mwenye kusema "ulikatazwa" abebe maneno yake.

Kuna na upande mchungu zaidi. Ikisha kuthibitishwa kwamba mshitakiwa ndiye aliyekatazwa, kusema "sikujua" hakumwokoi. Mahakama ilisema hivyo tangu 1952, katika kesi ya Taylor na Kenyon: serikali haina haja ya kuonyesha kwamba mtu alijua kuhusu katazo lake. Kutojua kunaweza kupunguza adhabu. Kosa lenyewe linabaki.

Na kutojua kunawezekana kabisa. Uingereza permi hupewa alama za makosa. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida mahakama inamkataza mtu kuendesha kwa miezi 6 au zaidi, na baada ya kumtumia taarifa inaweza kufanya hivyo bila yeye kuwapo. Taarifa inakwenda kwa barua, kwenye anwani iliyo katika vitabu. Mkimbizi anayehama nyumba mara tatu kwa mwaka, akifuata kodi nafuu, anaacha barua zake zinarundikana nyuma ya mlango wa mtu mwingine. Kutojulisha ofisi ya permi anwani mpya ni kosa pia, lenye faini inayoweza kufika pauni 1,000.

Anayegundua kwamba alihukumiwa bila kujua kwamba kulikuwa na kesi ana mlango mmoja: kuapa mbele ya mahakama kwamba hakupata habari. Akifanya hivyo ndani ya siku 21 tangu alipojua, kesi ya kwanza inaweza kuanzwa upya. Siku 21 ni chache. Lakini kwanza aegeshe gari.

Siku ya mahakama

Kesi ya kijana ilisikilizwa na mahakimu watatu wasio wanasheria, raia wa kawaida wanaotoa siku zao bila mshahara, kama ilivyo desturi ya mahakama ndogo za Uingereza. Mkalimani wa Kiswahili alikuwapo. Mwendesha mashtaka alileta vitu viwili: karatasi ya hukumu, yenye jina na tarehe ya kuzaliwa vinavyolingana na vya kijana, na lile "ndiyo" la barabarani.

Alama za vidole hazikuwapo, kwa sababu mtu wa kwanza alihukumiwa kwa makosa ya mwendo kasi yaliyotumwa kwa barua. Shahidi wa kumtambua hakuwapo pia, kwa sababu mtu huyo wa kwanza hakuwahi kufika mahakamani. Hakuna aliyeuona uso wake.

Video ya kamera ya polisi ilichezwa. Mkalimani alieleza namna Kiswahili kinavyojibu swali la kukana. Mmoja wa mahakimu aliomba arudie mara ya pili. Kisha kijana alisimama na kusema mwenyewe: Kambale ni jina la mtoto wa pili, nyumbani kuna Kambale katika kila nyumba, na tarehe 1 Januari aliandikiwa kambini kwa sababu mama yake alikumbuka msimu wa mvua tu, siku hakuikumbuka.

Kilichomaliza mabishano ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, aliyokuwa ameihifadhi tangu Kyangwali: karatasi ya safari yake. Ilionyesha siku aliyoingia Uingereza. Makosa mawili kati ya yale yaliyozaa katazo yalifanyika wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, wakati yeye alikuwa bado anapanga foleni ya maji nchini Uganda. Mwendesha mashtaka aliomba dakika kumi. Aliporudi, alisema serikali haiendelei na kesi.

Wakili alimwambia kwamba hata bila karatasi hiyo wangepigana, na pengine wangeshinda, kwa sababu mzigo haukuwa wake. Alimwambia pia kwamba kwa karatasi hiyo walikwenda nyumbani kabla ya saa sita ya mchana.

Mjini Beni mzee alikuwa tayari amepata cheti cha kuzaliwa, baada ya safari mbili za Butembo na deni ambalo bado analipa. Cheti hakikutumika. Alikiweka ndani ya mfuko wa nailoni na kusema kitatumika siku nyingine. Kilichomshangaza zaidi kilikuwa kwamba mtoto wao, mgeni, mweusi, asiyejua Kiingereza vizuri, alikuwa amesimama mbele ya serikali ya watu na serikali ikaambiwa: wewe ndiye wa kuthibitisha.

Kanuni hiyo iko hata katika katiba ya Kongo

Wengi walioisikia habari hiyo walisema, "Hiyo ni sheria ya wazungu." Sivyo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kila anayeshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe. Kifungu hichohicho kinasema kosa ni la aliyelifanya: hakuna anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kosa la Kambale mmoja si la Kambale mwingine. Wala la ndugu yake, wala la kijiji alichotoka.

Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na familia yake au wakili wake. Kukaa mikononi mwa polisi kusizidi saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya wenye mamlaka.

Watu wa Beni wanajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na barabara. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo hilo mwezi wa 10 mwaka 2014, kila sura isiyojulikana inaogopesha, na hofu hiyo ina sababu zake. Watu wamezika wao. Serikali ya hali ya dharura ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hata hivyo kifungu cha 61 cha katiba kinasema haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziguswi, hata katika hali ya dharura.

Mtu aliyekimbia usiku bila kadi ya mpiga kura, ambayo inatumika kama kitambulisho cha muda, anajua swali linalomngoja kizuizini: "Onyesha kwamba wewe si mtu wa porini." Askari ana haki ya kuuliza jina na kutaka kadi. Lakini kukosa kadi kunaonyesha tu kwamba mtu hana kadi. Hakuonyeshi kwamba ameua, wala kwamba amepeleka chakula kwa waasi. Anayesema hayo anapaswa kuleta ushahidi, kama vile mwendesha mashtaka wa Uingereza alivyotakiwa kuleta zaidi ya jina na tarehe. Na anayeombwa kuthibitisha kwamba hakufanya kitu anaombwa jambo ambalo karibu hakuna binadamu anayeliweza. Mtu anathibitisha vipi kwamba usiku fulani hakuwa porini, kama aliokuwa nao walikimbia kila mmoja njia yake?

Ni hivyo hata kwa mambo madogo ya kila siku. Taximen wa moto anayeambiwa na polisi wa roulage kwamba permi yake imefungwa ana haki ya kuuliza: imefungwa na nani, lini, kwa karatasi gani? Aulize kwa heshima na bila kupandisha sauti.

Mambo ya kukumbuka

Kwa walio na ndugu Uingereza, ujumbe wa kuwapelekea ni mfupi. Wabadilishe anwani kila wanapohama. Wasijibu "ndiyo" kwa swali wasilolielewa. Waombe mkalimani, ni haki yao. Wakishitakiwa kwamba waliendesha chini ya katazo, wamwambie wakili kwanza kama kuna mwingine mwenye jina lao, na wasikubali haraka ili kumaliza mambo. Ikiwa katazo ni lao kweli, wasiendeshe hata mita moja, hata kama barua haikuwafikia.

Kwa walio Beni, Oicha, Butembo na Bunia: kadi, jetoni ya kambi, cheti cha mtoto, karatasi ya hospitali, kila kimoja kipigwe picha kwa simu, na picha ipelekwe kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti. Sheria haimlazimishi asiye na kosa kubeba ushahidi wake, lakini picha hiyo inaweza kumfupishia njia. Na anayekamatwa kwa jina linalofanana na la mtu mwingine, familia yake isianze kwa kutafuta pesa. Ianze kwa kuuliza ni ushahidi gani unaounganisha jina hilo na mtu huyo, na imtafute wakili. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie ofisi ya ushauri wa bure ya baro, inayojulikana kama BCG.